Spredi au Prostaili? Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Kijana Anayecheza Kwotabeki

Mpwa wangu alipopewa namba ya kwotabeki, yaani anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira, kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari yao hapa Ohio, dada yangu alinipigia simu usiku na swali moja tu: "Kaka, hiyo namba ni ya sifa au ya kuumizwa?" Nikamwambia ni vyote viwili. Miaka miwili baadaye maswali yakawa mazito zaidi. Makocha wa vyuo walianza kumwandikia kijana. Mmoja akasema kwao wanacheza spredi, na kwotabeki ndiye mfalme. Mwingine akasema kwao ni prostaili, mtindo wa wanaolipwa, njia ya mkato ya kufika NFL, ligi yao kuu. Dada yangu alikulia Tanga, mpira anaoujua ni wa Coastal Union. Angejuaje nani anasema kweli?

Tukakaa mezani jioni nyingi, yeye, kijana na mimi. Haya ni yale tuliyojifunza, nimeyapanga hatua kwa hatua kwa ajili ya mzazi au mlezi yeyote Mswahili aliyeko Marekani ambaye mwanawe ameupenda mchezo huu. Jambo moja nalishikilia toka mwanzo hadi mwisho: mfumo wa kushambulia ni mali ya kocha, si mali ya chuo. Anayechagua chuo kwa jina la mfumo ni kama anayenunua nyumba kwa kuvutiwa na gari lililoegeshwa nje. Gari hilo laweza kuondoka kesho asubuhi.

Hatua ya 1: Tandaza vizibo mezani

Tafuta vizibo 22 vya soda, kama vile tulivyochezea drafti utotoni. Vyekundu 11 viwe washambuliaji, vya njano 11 walinzi. Kumbuka sheria mama: washambuliaji wana nafasi nne za kusogea yadi 10. Wakifanikiwa wanapata nne nyingine. Wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao.

Anza na prostaili. Panga vizibo vitano bega kwa bega. Huo ndio ukuta wa mbele, na wa katikati ni senta. Ubavuni mwa ukuta weka taiti-endi, jitu la miraba minne linalozuia watu na pia kudaka pasi. Kwotabeki msimamishe mgongoni kabisa mwa senta, maana anapokea mpira mkono kwa mkono. Nyuma yake weka wawili: fulubeki wa kufungua njia, na ranibeki wa kukimbia na mpira. Wapokeaji wawili tu ndio wanaobaki pembeni. Sasa panga walinzi. Utaona wenyewe wanajazana katikati, kwa kuwa hatari iko katikati. Timu ya prostaili inalikubali hilo. Inasukuma, inasukuma tena, halafu siku walinzi wamezoea kusukumwa, kwotabeki anajifanya kumpa ranibeki mpira, anauficha, anautupa mbali juu ya vichwa vya watu waliokwisha kuingia mtegoni.

Sasa vuruga. Mrudishe kwotabeki yadi 5 nyuma ya senta, apokee mpira kwa kurushiwa. Mtoe fulubeki, mtoe na taiti-endi. Weka wapokeaji wanne, watawanye toka mstari huu wa pembeni hadi ule. Walinzi hawana budi kuwafuata, na katikati panabaki peupe. Hiyo ndiyo spredi, na jina lenyewe maana yake ni kutandaza tu, kama mkeka.

Lakini kutandaza ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hesabu. Katika mfumo wa zamani kwotabeki akishamkabidhi ranibeki mpira, kazi yake imekwisha: wanabaki 10 wakipambana na 11. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rich Rodriguez alikuwa kocha wa chuo kidogo cha Glenville State, West Virginia. Inasimuliwa kwamba siku moja mazoezini kwotabeki wake alishindwa kumkabidhi mwenzake mpira sawasawa, akaona mlinzi wa pembeni amemkimbilia ranibeki, basi yeye akauchukua mpira na kukimbilia pale mlinzi alipopaacha. Rodriguez akamuuliza kwa nini amefanya vile. Kijana akajibu kwamba aliona mlinzi ameingia ndani. Kutokana na tukio hilo kocha akajenga mchezo mzima: mlinzi wa pembeni aachwe makusudi bila kuzuiwa, kwotabeki aushike mpira tumboni mwa ranibeki huku anamsoma mtu huyo mmoja. Akiingia ndani, kwotabeki anabaki na mpira na kukimbia. Akibaki nje, ranibeki anapita. Mlinzi mmoja amezuiwa bila kuguswa na mtu, hesabu imekuwa sawa.

Jaribu na vizibo. Mpe kijana wako nafasi ya yule mlinzi, umuulize angefanya nini. Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu akikizungusha kizibo, kisha akasema, "Mjomba, huyu jamaa hana jibu." Siku ile ndipo dada yangu alipoanza kuupenda mchezo.

Kuna tawi la pili la spredi ambalo karibu lote ni pasi, linaitwa Air Raid. Hal Mumme na Mike Leach walilianzisha chuo cha Iowa Wesleyan mwaka 1989, na baadaye Leach akalikuza Texas Tech kati ya 2000 na 2009. Falsafa yake ni michezo michache inayorudiwa mpaka mchezaji aiote usingizini. Kwa hiyo mtu akikuambia "sisi ni spredi", bado hajakuambia kitu. Muulize: spredi ya kukimbia ya Rodriguez, au spredi ya pasi ya Leach? Kijana anayefaa ya kwanza anaweza kuteseka kwenye ya pili.

Hatua ya 2: Pima uwanja kwa miguu yako

Jumapili moja nilikwenda na mpwa wangu uwanjani kwao tukahesabu hatua. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una upana wa futi 160 kila mahali, sekondari, chuo na NFL. Kinachobadilika ni ile mistari miwili ya vialama vifupi katikati, ambayo mpira hauwekwi nje yake kabla ya mchezo kuanza. Sekondari umbali kati ya mistari hiyo ni futi 53 na inchi 4. Vyuoni ni futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6 tu.

Hesabu maana yake. Mpira wa chuo ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia unabaki na futi 100 za nyasi, wa kushoto 60. Ule upande mpana ndio shamba la spredi: mpokeaji mwepesi na mlinzi mmoja katika eneo kubwa namna ile. NFL mpira uko karibu katikati daima, shamba limegawanywa karibu sawasawa. Ndiyo sababu skauti wanapenda kumwona kwotabeki akisimama kwenye alama ya kushoto na kutupa pasi ya moja kwa moja hadi mstari wa kulia. Pasi hiyo haina ujanja, ni mkono mtupu. Mpwa wangu alitupa kumi, nne zikadunda kabla hazijafika. Nilishukuru kulijua hilo mapema, tukiwa wawili tu pale uwanjani.

Kuna na sheria ya ukuta. Katika mechi za vyuo, watu wa ukuta wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele pasi ikiwa bado haijatupwa. NFL ni yadi 1. Hizo yadi mbili ndizo zinazoupa uhai mchezo uitwao RPO: ukuta unaanza kuzuia kama vile ni mbio, huku kwotabeki anamsoma mlinzi mmoja, na kuamua kukabidhi mpira au kuutupa. Vyuoni ana nafasi ya kupumua. NFL dirisha linafungwa haraka. Takwimu za kijana aliyeishi kwa RPO zinaweza kung'aa kuliko uwezo wake, na makocha wanalijua hilo.

Hatua ya 3: Mkague kijana: miguu, macho, mdomo

Hapa weka pembeni mapenzi ya mzazi. Chukua video za mechi zake nne, siyo vipande vizuri alivyovichagua mwenyewe, bali mechi nzima nzima, na daftari.

Miguu kwanza. Prostaili inamtaka arudi nyuma hatua tatu, tano au saba toka mgongoni mwa senta, na pasi itoke hatua ya mwisho inapokanyaga. Miguu ndiyo saa. Sekondari nyingi siku hizi zinacheza spredi, kwa hiyo kijana anaweza kufika miaka 17 hajawahi kupokea mpira mkono kwa mkono hata mara kumi. Hilo linafundishika. Dakika 15 kila jioni na rafiki anayecheza senta, kwa miezi mitatu, inatosha kuondoa ugeni.

Macho ndiyo mtihani mkubwa, na hapa nitakaa kidogo. Katika spredi nyingi kwotabeki halipi mgongo jeshi la adui. Anamwona mlinzi wake toka mwanzo hadi mwisho, na swali analojibu lina majibu mawili. Katika prostaili, anapojifanya kukabidhi mpira, anageuka kabisa. Kwa sekunde nzima haoni chochote. Anapogeuka tena walinzi wamekwisha kuhama, naye anatakiwa amtafute mpokeaji wa kwanza, akiwa amebanwa ahamie wa pili, kisha wa tatu, huku watu wenye kilo 130 wanakuja. Zoezi letu lilikuwa rahisi: kijana anafanya mchezo wa kuficha mpira akiwa amegeuka, mimi nasimama yadi 12 mbele, mdogo wake yadi 12 upande wa pili. Anapogeuka tunanyoosha vidole. Kabla ya kutupa aseme, "Tatu, mbili!" Wiki ya kwanza alikuwa akikisia. Wiki ya sita alikuwa anaona.

Unapoangalia video andika: pasi ngapi zilikwenda kwa mtu wa kwanza aliyemtazama? Ngapi alihama? Kama zote ni za mtu wa kwanza, usimlaumu, pengine ndivyo alivyofundishwa. Ila ujue kocha wa chuo ataliona hilo dakika ya pili ya video.

Mdomo watu wanausahau. Timu nyingi za spredi zinapokea maagizo kwa mabango na ishara za mikono toka kando ya uwanja, bila kukusanyika. Prostaili ya jadi inakusanya wachezaji kwenye duara, na kwotabeki anatamka sentensi ndefu mara moja, kwa sauti ya mtu anayeaminika, kisha kwenye mstari anauelekeza ukuta nani amzuie nani. Dada yangu alimfanyia mazoezi hayo jikoni huku akikaanga maandazi: "Watatu kulia, kaka mkubwa nyuma, ukuta ugeuke kushoto, sita-mbili, tunaondoka hesabu ya pili!" Kijana ayarudie yote bila kukosea. Watoto waliolelewa kwa lugha mbili au tatu wana faida hapa, wamezoea kubeba maneno kichwani. Naamini hivyo kwa dhati.

Hatua ya 4: Kataa kibandiko

Kwa miaka mingi tovuti za kuwapanga vijana, kama Rivals na 247Sports, ziliwagawa makwotabeki mafungu mawili: wa prostaili na wa vitisho viwili, yaani anayetupa na kukimbia. Lilikuwa gawio la hovyo, maana liliangalia umbo na mbio badala ya kuangalia anachosoma. Na halikuwa na usawa. Kijana mweusi mwenye mbio aliwekwa fungu la pili hata kama mkono wake ulikuwa wa dhahabu.

Historia yake ni chungu na mzazi Mwafrika aijue. Warren Moon aliiongoza timu ya chuo cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978, na bado hakuna timu ya NFL iliyomchagua siku ya kugawana wachezaji wapya, ambapo timu huchagua kwa zamu. Akaenda kucheza Edmonton, Kanada, kabla ya kurudi na hatimaye kuingizwa kwenye ukumbi wa mashujaa wa mchezo mwaka 2006. Miaka 40 baada ya Rose Bowl ile, Lamar Jackson, aliyekuwa ameshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya 2016 akiwa Louisville, alikuwa bado anasikia watu wakisema ahamie namba ya mpokeaji. Alichaguliwa wa 32 mwaka 2018. Amekuwa mchezaji bora wa NFL msimu wa 2019 na tena 2023, akiwa kwotabeki.

Mpwa wangu aliwahi kwenda kambi ya majira ya joto ya chuo ambacho sitakitaja. Kabla hajatupa hata mpira mmoja, kocha alimtazama miguu akamwambia asimame kwenye foleni ya wapokeaji. Kijana akanitazama. Nikamwambia, kwa Kiswahili, "Baba, rudi foleni yako." Akarudi. Mwambie mwanao mapema, tena nyumbani: kubadilisha namba ni uamuzi wake, hauamuliwi na mtu aliyemwona kwa dakika tatu.

Kuhusu kipi kinapeleka NFL, ushahidi umekwisha kujibu. Alex Smith alitoka kwenye spredi ya Urban Meyer pale Utah, akachaguliwa wa kwanza 2005. Cam Newton wa Auburn, wa kwanza 2011. Andrew Luck wa Stanford, prostaili tupu, wa kwanza 2012. Baker Mayfield na Kyler Murray, wote wa Oklahoma ya Lincoln Riley, wa kwanza 2018 na 2019. Patrick Mahomes alitoka Air Raid ya Texas Tech, akachaguliwa wa 10 mwaka 2017, na mengine mnayajua. NFL yenyewe imekopa michezo ya spredi. Kocha anayekuambia kuna mlango mmoja tu anauza.

Hatua ya 5: Soma kisa cha Michigan

Kama una muda wa kusoma kisa kimoja tu, soma hiki. Chuo Kikuu cha Michigan kilijulikana kwa prostaili. Tom Brady alipita pale. Mwaka 2007 kocha Lloyd Carr alikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, marehemu Ryan Mallett, mrefu kama mnazi, mkono wake kama manati, miguu mizito. Alikuwa mrithi halali wa kiti. Msimu ukaisha, Carr akastaafu, na chuo kikamleta nani? Rich Rodriguez, yuleyule wa Glenville, sasa akitokea West Virginia ambako spredi yake ilikuwa inatetemesha nchi.

Mallett angefanya nini katika mfumo unaomtaka kwotabeki akimbie? Aliondoka akaenda Arkansas, na kwa sheria za wakati ule akakaa msimu mzima bila kucheza. Kule, chini ya Bobby Petrino, alitupa zaidi ya yadi 3,000 misimu yote miwili aliyocheza. Michigan iliyobaki na mfumo bila mtu wa kuuendesha ilishinda mechi 3, ikapoteza 9, na mfululizo wa miaka 33 ya kufika mechi za bakuli za mwisho wa msimu ukakatika.

Kisha kisa kikajigeuza. Rodriguez alimpata Denard Robinson, kijana wa Florida mwenye mbio za swala. Mwaka 2010 Robinson alikimbia yadi 1,702, akiwa kwotabeki! Januari 2011 Rodriguez akafukuzwa. Akaja Brady Hoke na mratibu wa mashambulizi mwenye asili ya prostaili. Robinson alibaki, akapigana, timu ikashinda mechi 11 msimu wa kwanza. Lakini alikuwa tena mtu wa mfumo mmoja ndani ya nyumba ya mfumo mwingine. Mwaka 2013 NFL ilimchukua raundi ya tano, akacheza kama ranibeki.

Vijana wawili, chuo kimoja, miaka mitano, na kila mmoja alibaki amesimama huku sakafu ikihamishwa chini ya miguu yake. Hakuna aliyekosea kuchagua chuo. Walichagua kocha, kocha akaondoka.

Hatua ya 6: Uliza maswali haya, na umtazame anayejibu

Mkienda kutembelea chuo, usiulize "mnacheza mfumo gani?" Watakujibu wanachodhani unataka kusikia. Uliza hivi.

Muulize mratibu wa mashambulizi mkataba wake unaisha lini, na alifanya kazi wapi miaka mitano iliyopita. Mtu aliyehama vyuo vinne kwa miaka mitano atahama cha tano. Swali hili si utovu wa adabu. Dada yangu aliliuliza kwa "samahani kocha" na tabasamu, na akajibiwa.

Omba akuonyeshe kwenye skrini mchezo mmoja wa pasi, na akueleze kwotabeki anatazama nini hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kocha mzuri atasisimka na kusahau chakula cha mchana. Anayerudi kwenye hadithi za viwanja na viatu vya bure, shika tahadhari.

Uliza wana makwotabeki wangapi, wa mwaka gani, na wanatarajia kuleta wangapi tena kutoka vyuo vingine. Kwenye ukuta kuna nafasi tano. Kwotabeki acheza mmoja. Chuo kikimpa mwanao ufadhili leo na Januari kikamleta mwenye miaka 22 aliyekwisha kucheza mechi 30, hakijavunja sheria yoyote.

Mwisho, umwache kijana peke yake na kwotabeki wa akiba. Siyo nyota. Wa akiba atasema kweli.

Hatua ya 7: Karatasi kabla ya mpira

Hapa ndipo vijana wetu wanapoangukia, kuliko hata uwanjani. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inamtaka kijana wa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu, awe na masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka 4, hesabu 3 kuanzia Aljebra ya kwanza, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, na mengine ya kujazia. Wastani wa alama uwe angalau 2.3 katika masomo hayo. Masomo 10 kati yake yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla mwaka wa mwisho haujaanza, na 7 ya hayo yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Mitihani ya SAT na ACT haitakiwi tena kwa ajili ya NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Divisheni ya Tatu na vyuo vya Ivy League havitoi ufadhili wa michezo: Divisheni ya Tatu inatoa misaada kwa kipato na masomo, Ivy League kwa kipato tu.

Kama mwanao alianza sekondari nje ya Marekani, rekodi za huko zinatakiwa pia, na zilizo kwa Kiswahili au Kifaransa ziambatane na tafsiri. Saa inaanza kuhesabu tangu alipoanza darasa la 9 au linalolingana nalo, popote alipokuwa. Usingoje. Kupata karatasi rasmi kutoka shule ya Bujumbura au Goma kunaweza kula miezi. Vilevile, masomo ya Kiingereza kwa wageni hayahesabiki yote; kila shule ina orodha ya masomo yaliyoidhinishwa na NCAA, mwombe mshauri wa shule akuonyeshe kwa macho.

Na aliyeko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 asisaini mkataba wowote wa kulipwa kwa jina au sura yake kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Wenzake wamelipwa tangu Julai 2021, na tangu Julai 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa mwenye viza hiyo, hundi hiyohiyo inaweza kumfungulia mlango wa kurudishwa nyumbani.

Hatua ya 8: Video na barua

Video iwe fupi, dakika tatu au nne, iwekwe kwenye Hudl, tovuti ya video za michezo. Usiweke muziki. Michezo mitano ya mwanzo iamue kila kitu: pasi aliyohama toka mtu wa kwanza hadi wa pili, pasi ya upande mpana, pasi akiwa anagongwa, mchezo alioamua kukimbia akiwa sahihi, na mmoja aliopokea mpira mkono kwa mkono toka kwa senta, hata kama ni wa mazoezini. Hapo kocha wa mfumo wowote anapata chake.

Makocha wa vyuo hawaruhusiwi kumwandikia kijana kabla ya tarehe iliyowekwa na NCAA. Yeye hana kizuizi cha kuwaandikia wao. Josh Allen alimaliza sekondari California bila ofa hata moja ya chuo cha daraja la juu. Akaenda Reedley, chuo cha miaka miwili, kisha akawaandikia barua pepe makocha wa vyuo vya daraja hilo nchi nzima. Wyoming ikamchukua; ilikuwa inacheza prostaili. Mwaka 2018 alichaguliwa wa 7.

Barua iandikwe na kijana mwenyewe. Mistari sita: jina, darasa, wastani wa alama, urefu na uzito wa kweli, kiungo cha video, na sentensi moja inayoonyesha ameutazama mchezo wao. Asiandike "naupenda mfumo wenu". Aandike, "Niliona mnavyomtoa taiti-endi kwenda upande mpana kila mara mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto." Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyomletea mpwa wangu simu ya kwanza.

Hatua ya 9: Siku kocha akiondoka

Itatokea, jiandae. Mchezaji wa sasa hakai tena msimu mzima nje kama Mallett. Tangu 2021 anaweza kuhama na kucheza moja kwa moja kupitia potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama. Ila kuna mambo mawili hayasemwi kwa sauti. Kocha mkuu akiondoka, hufunguliwa dirisha maalumu la kuhama. Mratibu wa mashambulizi akiondoka, halifunguliwi, ijapokuwa yeye ndiye mwenye mfumo. Na jina likishaingia kwenye potali, chuo kina ruhusa ya kumwondolea ufadhili muhula unapoisha, awe amepata pa kwenda au hajapata.

Kwa hiyo kijana asibonyeze chochote kwa hasira. Kwanza akakutane na mratibu mpya, amuulize lile swali la skrini. Kisha mkae na karatasi ya masomo. NCAA inamtaka awe amemaliza asilimia 40 ya shahada anapoanza mwaka wa tatu, 60 wa nne, 80 wa tano, na chuo kipya hakilazimiki kupokea krediti zote za kule alikotoka. Andikeni upande mmoja krediti alizonazo, upande wa pili zile ambazo chuo kipya kimethibitisha kwa maandishi kwamba kitazipokea. Mpwa wangu alifanya hesabu hiyo Desemba iliyopita, mratibu wake alipochukuliwa na chuo kingine. Angepoteza krediti 19. Amebaki, na wiki hii ananitumia video akijifunza kupokea mpira mgongoni mwa senta.